Kungwi na Koti la Kijivu

Kwao sikujui, na sikuwahi kuuliza. Nilipohamia Kariakoo nilimkuta, na mtu uliyemkuta humwulizi ametoka wapi; yeye ndiye anayekuuliza wewe. Jina analo, wazee wenzangu wanalijua, ila mtaa mzima ulimwita Kungwi: wauza mchicha, wapiga debe, hata mumewe akiwa na njaa. Kazi yake ilikuwa kuwafunda mabinti wanaokwenda kuolewa. Kama umeolewa mjini hapa na ndoa yako imetulia, huenda ni yeye aliyekukalisha mkekani akakupa yako. Kama imevunjika, atakwambia hukumsikiliza.

Alikuwa mfupi, mpana, na anapita katikati ya Mtaa wa Kongo kama vile maduka yalijengwa baadaye ili kumpisha. Vijana wa mikokoteni, wale wasiompisha hata diwani, walisimama.

"Shikamoo Kungwi."

"Marahaba. Funga vifungo, kifua hicho unamwonyesha nani?"

Na kijana anafunga.

Mwenyewe nimezaa, nimelea, na wajukuu wangu wa kike wote wamepita mikononi mwake. Wa kwanza ni mhasibu, anakaa ghorofani Upanga, anaendesha gari lake mwenyewe, na mumewe hajawahi kumpandishia sauti mbele za watu. Watu wanasema ni elimu. Elimu ni nzuri, nami niliilipia kwa khanga nilizouza juani. Ila wenye elimu nimewaona wakirushiana masufuria mpaka barazani. Yule alifundwa.

Sasa, Kungwi hakufunda kwa maneno matupu. Makungwi wengine wanaimba, wengine wanafinya mapaja. Yeye alikuwa na mchezo wa jukwaani. Zamani tuliucheza uani, baadaye shughuli zikahamia kwenye kumbi za ghorofa, zikaitwa kicheni pati, basi na sisi tukapanda ngazi na ngoma zetu. Wanaume hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo sehemu ya mume anacheza mwanamke. Mwanamke huyo nilikuwa mimi. Mimi mrefu, sauti yangu nene, na Mungu hakunipa nyonga za kuficha. Nilichorwa masharubu kwa masizi ya sufuria, nikavishwa koti la kijivu la mume wa Kungwi mwenyewe, na tangu hapo nikawa Bwana. Mchuuzi mmoja wa vitumbua alicheza Kimada, hawara wa Bwana, huku amejifunga khanga tatu nyuma ili ajae. Alikuwa mama wa watoto watano na mcha Mungu, lakini jina lilimganda. Mpaka mkwe wake alikuwa akija kugonga anauliza, "Kimada yupo?"

Mchezo wenyewe ulichezwa mara mbili, na hapo ndipo palipokuwa na ujanja wake. Mara ya kwanza Bwana anarudi kutoka kazini, anavua koti, anakwenda kuoga. Mke, yaani Kungwi, analipekua koti. Mfukoni anakuta kibanio cha nywele ambacho si chake. Anapiga yowe, anawaita majirani, Bwana akitoka bafuni anapigwa na mwiko, kibanio kinazungushwa mtaa mzima. Bwana anaona aibu, anaondoka, anahamia kwa Kimada, ambaye mpaka dakika hiyo alikuwa hajafanya lolote. Ngoma inalia, tum, watu wananyamaza, na mchezo unaanza upya kama vile hakuna kilichotokea. Bwana anarudi, anavua koti, anakwenda kuoga. Mke anapekua, anakuta kibanio kilekile. Safari hii anakirudisha. Anapakua chakula. Bwana akishashiba, mke anauliza kwa sauti ya chini, "Mume wangu, hiki nimekikuta, ni cha nani?" Bwana anasema, "Cha dada yangu, alikiacha dukani." Na mke anamaliza kwa maneno ambayo mabinti wote wa Kariakoo wanayajua: "Nimekusikia, na mimi nakuamini."

Halafu Kungwi anamgeukia bibi harusi mkekani, anamwambia: "Anayepekua mfuko hatoki mikono mitupu. Akikosa kitu, anatoka na presha." Au: "Mume ni pasi ya mkaa. Ukimpuliza mno, majivu yanakurukia usoni." Na ile niliyoipenda kuliko zote: "Usimuulize mtu mwenye njaa. Mwenye njaa atajibu chochote apate ugali."

Wanawake wanalia, wanatuza, wanaandika kwenye simu zao.

Na mwanamke huyo huyo, wanangu, alikuwa na wivu kuliko kiumbe yeyote niliyemwona, na nimefuga kuku.

Mumewe aliuza spea za magari mtaa wa Gerezani. Mtu mrefu, mpole, anaongea kama anayeomba radhi, na ananuka grisi kuanzia kofia mpaka kandambili. Nilimwambia Kungwi, "Wewe, nani atamtaka mwanamume anayenuka hivi?"

"Mwenye gari bovu," akasema.

Na hakutania. Alikuwapo mama mmoja, mtu wa ofisi, gari lake linagonga kila wiki. Kungwi akaona hizo si ajali za kawaida. Akahamia dukani, akakaa kwenye kaunta na ushungi wake, akatangaza kuwa kuanzia siku hiyo wateja wa kike anawahudumia yeye. Plagi hakuijua, bushi hakuijua. Mama wa ofisi alipokuja, Kungwi alimpa kitu kizito kilichokuwa karibu na mguu wake, akamwambia kinamfaa. Kilikuwa cha lori. Fundi alimrudishia akamuuliza kama anataka gari lake livute tela. Mama hakuonekana tena, na Kungwi akarudi nyumbani amefurahi kama aliyetoka Hija.

Kila jioni mume alipoingia, alinuswa. Kwanza shingo, halafu mikono, halafu kofia. Mifuko ya shati ikapinduliwa, ya suruali ikapinduliwa, soksi zikakung'utwa. Na si hayo tu. Hata usingizi wake ulipekuliwa. Akitabasamu amelala, anatikiswa.

"Umetabasamu. Ulikuwa unaota nani?"

"Nimeota kontena letu limetoka bandarini."

"Kontena la nani?"

"La spea, mke wangu."

"Na nani alikuwa amesimama pembeni ya kontena?"

Ndoto haina shahidi. Akijibu hakuna mtu, anaambiwa bandari gani haina watu. Akisema makuli, anaulizwa kama makuli wanachekesha. Basi anakaa macho. Nilikuwa nikimwona asubuhi anapita kwenda Gerezani, macho mekundu, anasalimia watu wawili mahali alipo mmoja.

Wala usidhani Kungwi alikuwa mtu mbaya. Mwanamke akifukuzwa na mumewe, mlango wake ndio uliogongwa. Alimpokea, akamlisha, akamfunika, na siri ya mtu haikutoka kinywani mwake hata umminye kama ndimu. Alisuluhisha ndoa za Waswahili, za Wachaga wa maduka ya jumla, na mama mmoja wa Kihindi wa Upanga alikuwa akimtumia dereva aje amchukue kwa ajili ya mkwewe. Kote huko alifika, akasema maneno ya busara, akaondoka ameacha amani. Kisha anarudi kwake kunusa kofia.

Siku moja nilimkabili. Nikamwambia, unawafundisha watu kuamini, wewe mwenyewe mbona huamini?

Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyeuliza mbona bahari ina chumvi. "Muuza miwani naye anaumwa macho, shoga yangu."

Halafu akasema jambo lililonikaa. Akasema, "Tangu anioe hajawahi kuniuliza natoka wapi. Natoka mchana, narudi usiku, nimejipamba, nimejifukiza udi, yeye anasema karibu mke wangu, chai ipo. Ningekuwa mbuzi angenitafuta. Mtu asiyekuonea wivu hata chembe, unajuaje kama anakupenda?"

Kwake wivu ulikuwa mizani. Wa kwake ulijaa mpaka unamwagika, wa mumewe ulikuwa mtupu, na akaona mapenzi yote yako upande mmoja.

Mume naye alikuja kwangu. Alikaa barazani, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Shemeji, nimechoka."

"Pole. Kazi?"

"Kazi naiweza. Silali. Shemeji, nampenda yule mwanamke, ila nikiulizwa mara nyingine nimeota nani, naondoka. Narudi kwetu Pangani, na talaka nitaiacha juu ya meza."

Mtu mpole akisema hivyo, usicheke. Wapiga kelele wanatishia. Wapole wanatoa taarifa. Nikaenda moja kwa moja kwa Kungwi nikamweleza neno kwa neno. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Anatishia. Mwanamume anayetaka kuondoka haagi kwa shemeji."

Lakini niliona mchele mzuri unatupwa na mawe yanabaki kwenye ungo.

Baada ya hapo mambo yakatulia kwa namna ya ajabu. Mume akaanza kunawiri. Macho yakawa meupe, shavu likarudi, akaanza hata kupiga mluzi. Kungwi hakupenda. "Mwanamume wa umri ule anapiga mluzi kwa sababu gani?" Akaongeza upekuzi. Mashati, suruali, soksi, mpaka ndani ya kofia. Hakupata kitu. Mfuko mmoja tu katika nyumba ile haukuguswa: wa lile koti la kijivu. Lilitundikwa msumarini likisubiri shughuli, na kilichokuwa ndani yake Kungwi alikijua, maana kibanio alikiweka mwenyewe. Utapekuaje koti la maigizo?

Hilo mume alikuwa ameshaliona.

Basi tukapata shughuli ya binti wa Kichaga, mama yake ana duka la jumla la vyombo, mtu mwenye uwezo. Ilipangwa Jumapili. Siku zikakaribia, mama akapiga simu kuwa Jumapili kanisani kwao kuna ibada ya shukrani, shughuli inarudi nyuma, iwe Jumamosi mchana. Kungwi akakusanya vitu vyake asubuhi ya Jumamosi mume akiwa dukani: ngoma, mwiko, khanga za Kimada, na koti.

Ukumbi ulijaa. Akina mama wa Kilimanjaro wamevaa sare za kitenge, vichwa vimefungwa kama keki. Mchezo ukaanza. Nikaingia na masharubu yangu, nikakohoa kiume, nikavua koti, nikaenda nyuma ya pazia kuoga. Nikachungulia, kwa kuwa sehemu ya yowe sikupenda kuikosa.

Kungwi akatia mkono mfukoni, akautoa. Mkononi hakuwa na kibanio. Alikuwa na ufunguo umefungwa kwenye kibao, na kibao kimeandikwa jina la gesti moja ya Gerezani na namba saba, kwa rangi nyekundu, maandishi ambayo hata mimi mtu wa ngumbaru, niliyejua herufi ukubwani, niliyasoma kutoka nyuma ya pazia.

Ukumbi ukavuma. Walidhani ni mchezo. "Leo kaleta ufunguo!" mama mmoja akasema, na mwenzake akasema, "Kibanio kimepitwa na wakati."

Kungwi akapiga yowe. Nimemsikia akipiga yowe lile kwa miaka, lakini siku hiyo lilitoka mahali pengine. Ngoma zilinyamaza zenyewe. Nikatoka bafuni kama inavyotakiwa, nimejifunga taulo juu ya suruali, nikapokewa na mwiko. Siku zote mwiko ulikuwa unapita karibu na mgongo wangu. Siku hiyo haukupita karibu, ulifika.

"Namba saba!" anasema, ananipiga. "Namba saba! Na mimi nakupikia!"

"Kungwi, ni mimi," nikamnong'oneza.

"Najua ni wewe," akasema, akanipiga tena.

Akina mama walikuwa wamesimama kwenye viti. Mama wa binti alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. Nikahamia kwa Kimada mbio kuliko nilivyowahi kuhamia, na Kimada mwenyewe alitaka kukimbia, maana hakujua kama yumo au hayumo.

Ngoma ikalia. Tum. Kimya.

Na hapo ndipo nilipoelewa alipokwama. Sehemu ya pili lazima ichezwe. Binti yuko mkekani, macho yamemtoka, wiki ijayo anaolewa, na sehemu ya kwanza peke yake si mafunzo, ni fujo. Kungwi ilimpasa aufanyie ufunguo ule alichokifanyia kibanio maisha yake yote.

Nikaingia, mgongo unaniwaka. Nikavua koti, nikaenda kuoga. Akatia mkono. Akautoa ufunguo, akaukamata muda mrefu. Akaurudisha mfukoni. Aliukosa mfuko mara mbili kabla haujaingia, na akina mama wakawa wanapeana viwiko: tazama anavyocheza. Akanipakulia. Nikala ugali wa hewa, nikashiba hewa. Akakaa karibu yangu, akautoa tena ule ufunguo, akausogeza mbele yangu.

"Mume wangu," akasema chini kabisa, "hiki nimekikuta. Ni cha nani?"

Mimi jibu ninalolijua ni moja. Mchezo huo nimeucheza mpaka maneno yanatoka yenyewe. Nikasema, "Cha dada yangu, alikiacha dukani."

Ukumbi ulianguka. Ufunguo wa gesti, wa dada yangu. Wako waliolala chini. Hata bibi harusi, ambaye hatakiwi kucheka mkekani, alijifunika uso mabega yanaruka.

Kungwi hakucheka. Alinitazama, na hakuwa ananitazama mimi. Yalibaki maneno ya mwisho, na hayakutoka. Watu wakaanza kunyamaza, mmoja mmoja, mpaka tukasikia honi za magari chini barabarani. Nikafikiri atasimama aondoke. Nikamshika kidole chini ya koti.

"Nimekusikia," akasema.

Akaufunika ufunguo kwa kiganja.

"Na mimi nakuamini."

Yule binti akaanza kulia. Mama yake akaanza kulia. Walitutuza mpaka nguo hazikuonekana. Mpaka leo wanausema ule kuwa mchezo bora kuliko yote iliyowahi kuchezwa Kariakoo, na ni kweli.

Nyuma ya pazia Kungwi hakuhesabu tuzo, hakunywa hata soda. "Twende," akasema.

"Umesema unamwamini."

"Nimemwamini. Sasa twende nikamwue."

Alinivuta ngazini hivyo nilivyo, tukaingia kwenye bajaji. Njia nzima aliukunja ufunguo ngumini. Nilikuwa nafikiria Pangani. Nilijua akiingia chumba kile na yowe lake, awe na mtu au asiwe na mtu, ndoa imekwisha.

Gesti ilikuwa nyuma ya gereji, imepakwa rangi ya waridi. Mapokezini alikaa dada mmoja anakula karanga.

"Karibuni wazee wangu. Mnapumzika au mnalala?"

Kungwi akasema, "Nani apumzike?"

"Wewe na mzee," akasema, ananionyesha mimi. Nikajishika usoni. Masharubu. Na koti nilikuwa nimelivaa.

"Tunataka namba saba," Kungwi akasema.

"Saba ina mtu. Yupo mzee mmoja wa spea, anakuja kila mchana. Leo kasahau ufunguo, nimemfungulia kwa wa akiba."

"Anakuja na nani?"

"Na usingizi wake."

"Nimekuuliza anakuja na nani."

"Peke yake, mama. Anakuja, anavua viatu, analala, anaondoka. Sisi wenyewe tulishangaa. Gesti hii watu hawaji kulala."

Kungwi hakumwamini. Tukafika mlangoni pa namba saba. Ndani kulikuwa na mkoromo, mrefu, mzito, kama lori linapanda mlima Sekenke.

Uso ukamng'aa. "Si yeye. Mume wangu hakoromi."

"Shoga," nikamwambia, "utamsikia wapi akikoroma? Umemwacha alale lini?"

Hapo ndipo alipotulia. Alisimama na ufunguo mkononi, anasikiliza. Akasikiliza mkoromo ule kama mtu anayesikiliza redio ikimtaja jina. Kisha akafungua polepole.

Alikuwa peke yake. Viatu vimepangwa, kofia imewekwa kitini, feni inazunguka, yeye chali, mdomo wazi, anatabasamu. Kungwi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akalitazama lile tabasamu. Niliona swali linampanda kooni, lile swali lake. Akalimeza.

Kitanda kililia, mume akafumbua macho. Akamwona mkewe. Halafu akaniona mimi mlangoni: mtu mrefu, masharubu, ndani ya koti lake.

Akakaa kitako. Sauti ile mpole iliondoka.

"Mke wangu. Huyu mwanamume ni nani?"

Kungwi akageuka mlangoni kunitazama.

"Nakuuliza! Unaingia gesti na mwanamume, mchana kweupe, kavaa koti langu? Toka hapo mlangoni, wewe!" Akashika kiatu.

"Shemeji, ni mimi," nikasema, na kwa bahati mbaya sauti yangu ikatoka ile ya jukwaani. Kiatu kikanipata begani. Siku ile nilipigwa na ndoa nzima, mke na mume.

Nikafuta masharubu kwa mkono wa koti. Mume akanitambua, akakaa, akaanza kuomba radhi. Kungwi alikuwa ameinama ameshika tumbo. Nilidhani analia, na alikuwa analia, ila pia alikuwa anacheka, vyote pamoja.

"Ameona wivu," akaniambia mimi, kama mumewe hayupo. "Shoga, umemwona? Alitaka kukuua."

"Nimemwona. Bega linamwona pia."

Kisha mume akaeleza. Jibu lake lilikuwa fupi. "Nyumbani silali. Nilikuwa na njia mbili, hapa au Pangani. Hapa ni karibu, jioni nakula kwako." Kungwi akauliza mbona kaja leo bila ufunguo, hakuogopa? "Nilidhani shughuli ni kesho; nilipopita nyumbani kuuchukua nikaona koti halipo msumarini, nikajua nimekwisha. Nikasema basi, nikwishe nimelala."

Kungwi akaurudisha ufunguo kwa dada wa karanga yeye mwenyewe, na akamwagiza kuwa mzee wake hatarudi tena kulala pale, kwake kuna kitanda.

Sitakudanganya kuwa wivu uliisha siku hiyo. Shingo iliendelea kunuswa, na ukitaja mama wa ofisi mpaka leo anatema mate. Ila mchana baada ya chakula mume alikuwa analala kwake, mlango umerudishwa, na Kungwi anakaa barazani na ungo wake, ukipiga hodi anakuwekea kidole mdomoni. Hata mwadhini angemnyamazisha kama angeweza. Kuhusu Pangani sikusikia tena.

Mchezo tuliendelea nao kwa kibanio. Watu waliomba ufunguo, akakataa. Alisema kuna vitu mtu anacheza mara moja.

Mwezi uliopita mume alipasuliwa ngiri. Nikaenda hospitali kule Upanga, nimebeba supu kwenye chupa ya chai. Sisi ni wazee sasa, ngazi zinatuhesabu. Nikamkuta Kungwi ameketi kando ya kitanda, amemshika mumewe mkono. Mzee alikuwa amekonda, amenuna, hataki kula, hataki kugeuzwa. Hofu ilikuwa imemwingia, na akishahofu yeye, Kungwi naye anakauka.

Akaja muuguzi. Binti mrefu, ana mwanya, ngozi kama halua, na sauti ile ambayo wanaume wanasema inawatuliza.

"Shikamooni. Mama zangu, naomba mtupishe kidogo, nimsafishe babu, nibadilishe bandeji ya kidonda."

Nikamtazama Kungwi. Namjua. Nilijiandaa kumshika.

Akachukua ushungi wake, akainuka. Akamtazama yule binti kuanzia viatu mpaka mwanya. Akatoka. Nikamfuata, tukakaa kwenye benchi la korido.

Kidogo tukasikia binti anacheka nyuma ya pazia. Halafu tukasikia mzee naye anacheka, kile kicheko chake cha zamani cha kuvuta pumzi.

Kandambili ya Kungwi ikaanza kugonga sakafu.

"Unasikia?" nikamwuliza.

"Nina masikio."

Wakacheka tena. Kungwi akasimama. Akatembea mpaka mlangoni, akaweka mkono ukutani, hakuingia.

"Binti," akaita.

"Abee, mama."

"Usimchekeshe kwa nguvu. Ana mshono."

"Sawa, mama."

Akageuka kurudi, akasita, akaita tena.

"Ila mchekeshe. Tangu juzi hajacheka."

Akaja akakaa, kandambili bado inagonga. Akachukua chupa, akamimina supu ya mumewe kwenye kifuniko, akanipa mimi.

"Kunywa wewe, itapoa. Wale bado wana maneno."